Subaru ya buluu, asubuhi Malindi

Jamani, leo nimeshiba picha! Hapa kwetu jua hutokea baharini, kwa hiyo gari likiegeshwa ufukweni mapema, mwanga hulipiga ubavuni na rangi huwaka yenyewe. Subaru imeshushwa mpaka kidole hakipiti kati ya tairi na bodi. Nilipiga magoti, kamera usawa wa taa.

Lakini raha yenyewe ni gari likiwa mwendoni. Ukipiga kamera ikifunguka kwa 1/1000 ya sekunde tu, rimu huganda, gari likaonekana limeegeshwa tu. Mimi hushusha hadi 1/60, nalifuata gari kwa kamera nikizungusha kiuno, wala sisiti baada ya kubonyeza. Minazi ikawa mistari ya kijani, nyota za nembo zikabaki kali kabisa. Mashallah!

Wenye tuktuk za mapambo, Jumamosi zamu yenu.