Kufika kwa njia ya nyumbu: vijiji vya mlimani vya Bonde la Nervia, Italia

Wengi wanaokwenda Apricale hufika kwa gari. Huegesha chini ya kijiji, hupanda kidogo hadi uwanjani, hupiga picha, hunywa kahawa, wakaondoka. Kijiji wamekiona, ila wamekiingilia mlango wa nyuma. Barabara ya lami ililetwa karne nyingi baadaye, nayo huzungukazunguka kilima ikitafuta mwinuko unaoyafaa magari. Kijiji chenyewe kilijengwa kikitazama njia nyingine: ile ya nyumbu wa mizigo, iliyotandikwa mawe, ambayo Waitaliano huiita *mulattiera*. Hiyo hutoka mtoni ikapanda moja kwa moja hadi kwenye nyumba za kwanza. Ukija kwa njia hiyo, utaelewa kwa magoti yako kwa nini watu walijenga pale na si chini.

Nervia ni mto mfupi wa mkoa wa Liguria, magharibi kabisa mwa pwani ya Italia. Maji yake hutoka kwenye milima ya Toraggio (mita 1,973) na Pietravecchia (mita 2,038) mpakani na Ufaransa, yakaingia baharini mashariki kidogo ya mji wa Ventimiglia. Kutoka ufukweni kwenda juu utakutana na Camporosso, Dolceacqua, kisha Isolabona, ambako kijito cha Merdanzo huungana na Nervia. Hapo bonde hugawanyika. Ukifuata Merdanzo utafika Apricale, na juu zaidi Bajardo. Ukifuata Nervia yenyewe utafika Pigna na Castel Vittorio. Perinaldo iko peke yake kwenye mgongo wa kilima upande wa mashariki, na Rocchetta Nervina imejificha kwenye bonde dogo la magharibi.

Ventimiglia ina kituo cha treni zinazotoka Genova na Nice, na mabasi ya kupanda bondeni huanzia huko. Tiketi ya basi nunua mapema kwenye duka la *tabacchi*, lenye kibao cha herufi T nje. Makosa mengi hutokea kwenye kusoma ratiba. *Feriale* ni siku za kazi, na Jumamosi imo ndani yake. *Festivo* ni Jumapili na sikukuu. *Scolastico* ni siku ambazo shule zimefunguliwa tu. Mtu huona basi la jioni limeandikwa, akaliamini, kumbe ni la siku za shule na yeye yuko mwezi Julai. Jumapili mabasi huwa machache sana. Kumbuka pia kwamba ratiba huandikwa kwa saa 24: 18:30 ni saa kumi na mbili na nusu jioni, na hapo mwezi Novemba giza limeshaingia.

Jambo jingine, na msomaji Mwafrika alichukue kwa uzito: Ventimiglia ni mji wa mpakani, na tangu Novemba 2015 Ufaransa imerudisha ukaguzi kwenye mpaka huo. Polisi huingia kwenye treni na kusimama stesheni. Beba pasipoti yenyewe, yenye viza au pamoja na kibali cha ukaazi. Nakala au picha kwenye simu haitoshi. Hata ukiwa kwa miguu, njia za juu karibu na Toraggio huvuka mpaka na kurudi bila ua wala lango.

Sasa njia yenyewe. Simama kwenye kipande kizuri cha mulattiera uitazame chini ya miguu yako. Mawe hayakulazwa bapa, yamesimamishwa kwa ubavu, yamebanana, ili kwato zipate mahali pa kukamata. Kila baada ya hatua mbili au tatu kuna mstari wa mawe makubwa uliokatiza njia na kuinuka kidogo: hiyo ndiyo ngazi ya nyumbu, ndefu na ya mteremko, si fupi kama ya binadamu. Ndiyo maana mguu wako haupati mdundo wake, kwani ngazi hizi zilipimwa kwa mwendo wa mnyama mwenye miguu minne na mzigo. Penye kona utaona mfereji wa mawe uliokata njia kwa mshazari ili kutupa maji pembeni kabla hayajapata nguvu. Mfereji ukizibwa na majani, mvua mbili tatu tu zinatosha kung'oa mawe ya mita kadhaa, na kipande hicho hubaki kokoto zinazobingirika. Ukikutana na mfereji uliozibwa, usafishe kwa kisigino, hutatumia hata dakika moja.

Kandokando ya njia ni kuta zinazoshikilia matuta ya mashamba, yanayoitwa *fasce*. Zimejengwa kwa mawe makavu bila chokaa wala saruji. Ukuta usio na chokaa hupitisha maji katikati ya mawe, kwa hiyo udongo ulio nyuma yake haujai maji ukausukuma. Ukuta unaokaribia kuanguka huvimba kwanza kama tumbo. Usiukalie, usiushike kujisaidia kupanda, wala usipumzike chini yake baada ya mvua kubwa. Ujuzi wa kujenga kuta hizi uliingizwa na UNESCO mwaka 2018 kwenye orodha ya urithi usioshikika, pamoja na wa nchi nyingine kadhaa za Ulaya. Juu ya matuta hayo hukaa mizeituni ya aina ya Taggiasca, yenye matunda madogo, na mizabibu ya Rossese, ambayo divai yake ya Dolceacqua ilipata mwaka 1972 hadhi ya DOC, yaani jina la asili linalolindwa kisheria. Wakati wa mavuno ya zeituni, kuanzia mwisho wa vuli, wakulima hutandaza nyavu chini ya miti, na mara nyingine huvuka hadi njiani. Usizikanyage. Nyavu huteleza kuliko barafu, na zeituni zilizomo ni jasho la mtu.

Anzia Dolceacqua, mita 51 tu juu ya bahari. Mtaa wa zamani unaitwa Terra, nao umekumbatia mwamba chini ya ngome ya ukoo wa Doria. Mtaa wa baadaye, Borgo, uko ng'ambo ya mto. Kati yao kuna daraja la tao moja lenye upana wa mita 33, la karne ya 15, ambalo Claude Monet alilichora mwaka 1884 alipokuwa akikaa Bordighera. Ngome ilivunjwa na mizinga mwaka 1744, katika vita vya kurithi kiti cha Austria. Mtu aliyezoea vichochoro vya Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja ataijua Terra mara moja kwa kivuli chake na kuta ndefu zilizokaribiana. Tofauti ni kwamba hapa kichochoro kinapanda, na juu ya kichwa chako kuna matao madogo yaliyoruka kutoka nyumba hadi nyumba. Matao hayo si pambo. Nyumba zimeegemezana kwa hayo ili ardhi ikitikisika zishikane.

Na hapa ardhi hutikisika. Tarehe 23 Februari 1887, Jumatano ya Majivu, tetemeko lilipiga pwani yote hii asubuhi na mapema. Huko Bajardo, mita 900 juu ya bahari, watu walikuwa kanisani kwa ibada. Dari la mawe liliwaangukia, na zaidi ya 200 wakafa humo. Kanisa la San Nicolò halikuezekwa tena. Kuta zimesimama, juu ni mbingu tupu. Kutoka Apricale ni kupanda zaidi ya mita 600. Ukiwa na siku ya ziada, itumie huko, na uingie kwa utulivu.

Kwa siku moja iliyojaa, mzunguko ninaouona bora kuliko yote ni Isolabona, Apricale, Perinaldo, kisha kushuka Dolceacqua. Panda basi hadi Isolabona (mita 106) mapema. Hadi Apricale ni kama kilomita 3 na mita 170 za kupanda, saa moja kwa mwendo wa kawaida. Usikimbilie uwanjani ukifika. Zunguka kwanza nyumba za pembezoni ujionee jinsi migongo yake ilivyoungana ikawa ukuta wa kijiji. Apricale ina sheria zake zilizoandikwa mwaka 1267, miongoni mwa za zamani zaidi Liguria yote, na jina lake linatokana na neno la Kilatini la mahali palipoelekea jua. Mchana wa Januari utaona kwamba jina hilo si la bure: upande wa pili wa bonde umo kivulini, hapa mawe bado yana joto.

Kutoka Apricale unashuka hadi Merdanzo, unavuka, kisha unaanza kupanda hadi Perinaldo, mita 572. Hicho ndicho kipande kinachowashinda watu, kwa sababu kwenye ramani Perinaldo inaonekana ya karibu. Hesabu ya kutumia milimani ni hii: mita 300 za kupanda kwa saa, mita 500 za kushuka kwa saa, ukiongeza muda wa kupumzika. Pima mita za mwinuko kwanza, kilomita baadaye. Kwa hesabu hiyo kipande hiki kinataka takriban saa mbili, na kushuka Dolceacqua zaidi kidogo ya saa moja, ila tenga mbili. Perinaldo ndiko alikozaliwa Giovanni Domenico Cassini, tarehe 8 Juni 1625, mtaalamu wa nyota aliyegundua miezi minne ya Zohali na lile pengo katika pete zake ambalo hadi leo lina jina lake. Kijiji kimejipanga kwa urefu juu ya mgongo wa kilima, na siku yenye hewa safi utaona bahari upande mmoja na milima yenye theluji upande wa pili.

Ajali nyingi hutokea wakati wa kushuka, si wakati wa kupanda. Mapaja yamechoka, jua limeenda upande, mawe yamefunikwa majani ya mwaloni, na chini ya majani kuna unyevu na kuvu ya kijani. Viatu viwe na soli yenye meno na vikaze kifundo. Raba laini za mjini acha nyumbani. Fimbo mbili zinasaidia sana, lakini ncha ya chuma huteleza juu ya jiwe lililong'aa, basi ivalishe kifuniko cha mpira. Kanyaga mistari ya mawe makubwa inayokatiza njia badala ya mawe madogo ya katikati. Penye maji yanayotiririka, pita pembeni.

Alama za njia ni za aina mbili. Kuna rangi nyeupe na nyekundu yenye namba, na kuna zile za zamani za Liguria: nukta, pembetatu, mistari au misalaba, zote nyekundu. Mtu asiyejua huona msalaba mwekundu akadhani njia imefungwa, akarudi. Msalaba ni alama ya njia kama nyingine. Alama nyeupe na nyekundu yenye herufi AV ni ya Alta Via dei Monti Liguri, njia ndefu ya takriban kilomita 440 inayoanzia Ventimiglia kufuata migongo ya milima. Usiifuate ukidhani inakwenda kijijini. Chukua ramani ya kipimo cha 1:25,000, kwa sababu ndani ya makorongo simu hukosa mtandao. Namba ya dharura ni 112.

Lita mbili za maji kwa mtu zinatosha majira ya kuchipua, lakini Julai na Agosti hazitoshi, na kusema kweli miezi hiyo si ya kupanda Perinaldo mchana. Nenda Aprili hadi Juni mwanzoni, au Septemba mwishoni. Vijijini kuna chemchemi za mfereji. Palipoandikwa *non potabile* usinywe. Vuli ina mvua kali za ghafla: mwanzoni mwa Oktoba 2020 dhoruba Alex ilileta mafuriko Ventimiglia na kubomoa barabara bonde la jirani. Mkoa ukitangaza *allerta*, yaani tahadhari ya hali ya hewa, ya rangi ya chungwa au nyekundu, usivuke kijito chochote hata kama asubuhi kilikuwa kikavu. Vuli pia ni msimu wa kuwinda nguruwe pori, hasa mwisho wa wiki, kwa hiyo vaa rangi kali na ubaki njiani. Ukitoka kwenye majani marefu, kagua miguu yako usije ukabeba kupe, na kabla ya kukaa ukutani kwenye jua, gonga kwa fimbo: kuna nyoka wa jamii ya kifutu, ambaye akisikia kishindo huondoka.

Bonde la juu linataka siku yake. Pigna na Castel Vittorio zinatazamana kila moja juu ya kilima chake. Kuanzia 1388 Pigna ilikuwa chini ya ukoo wa Savoia, jirani yake chini ya Genova, kwa hiyo matembezi haya mafupi yalikuwa ya kuvuka mpaka wa dola mbili. Vichochoro vya Pigna vingi vimefunikwa juu na nyumba, wenyeji huviita *chibi*, na ndani yake mchana wa jua unahitaji muda macho yazoee. Kwenye kanisa dogo la San Bernardo, makaburini, kuna michoro ya ukutani ya mateso ya Yesu iliyochorwa na padri Giovanni Canavesio mwaka 1482. Makanisa haya mara nyingi hufungwa nje ya ibada. Uliza ofisi ya kijiji, *Comune*, asubuhi ya siku ya kazi, kabla ya kupanda na si baada ya kushuka.

Chakula cha mchana hupikwa kati ya saa sita na nusu na saa nane. Ukifika saa tisa, jiko limezimwa na duka limefungwa hadi alasiri, basi kila mara beba mkate na jibini. Kwenye bili kuna *coperto*, malipo ya kukaa mezani, si wizi. Chakula cha bonde hili ni mbuzi na maharage, *capra e fagioli*, na maharage meupe ya Pigna yana ngozi nyembamba mno, huyeyuka kabla hujayatafuna. Mbuzi huyo huiva polepole, kwa hiyo mahali pazuri hupikwa kwa kuagizwa: piga simu siku moja kabla, useme mko wangapi na mtatokea njia ipi.