Mpira na punje ya ulezi

Leo darasa la tano tumepata mgeni, mtafiti wa elimu ya nyota anayejitolea kufundisha shuleni. Nilitegemea darubini.

Akatoa mpira wa miguu na punje moja ya ulezi!

Mpira ndio Jua. Ulezi ndio Dunia, upana wake milimita 2 tu. Tukatoka uwanjani, tukapima mita 24 kutoka kwenye mpira, na hapo binti mmoja akasimama, Dunia iko kiganjani.

Akaitazama weee.

"Mwalimu, na bahari zote zimo humu?"

Mwili ulinisisimka. Kwa kipimo hicho Neptuni, sayari iliyo mbali zaidi na Jua, iko zaidi ya mita 700 kutoka kwenye mpira, nje kabisa ya shule.

Wanasayansi, njooni madarasani jamani, tunawahitaji.

Kwenu amewahi kuja nani? Hebu nisimulieni.