Kolesteroli ya seli inakaa wapi hasa

Ukitaja kolesteroli hapa Mwanza, watu wanawaza kitimoto, chipsi mayai na presha. Wana sababu zao, ila sehemu kubwa ya kolesteroli ya mwili haipo kwenye damu. Imo ndani ya tando za seli, na humo haikugawanywa sawasawa hata kidogo.

Utando wa nje wa seli ya mamalia ndio ulioshiba: katika kila molekuli 100 za lipidi (mafuta) zake, 30 hadi 40 ni kolesteroli. Retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa tando ndani ya seli ambako kolesteroli inatengenezwa, ina kama 5 tu. Golgi, kituo cha kupanga mizigo ya seli, iko katikati. Mitokondria, inakozalishwa nishati, ni maskini, hasa utando wake wa ndani.

Kwa nini kiwanda kiwe na stoo karibu tupu? Kwa sababu hapo ndipo ulipo mzani. Tia konzi moja ya dagaa kwenye gunia lililojaa pale Mwaloni Kirumba, hakuna atakayegundua. Tia konzi hiyohiyo kwenye sahani yenye konzi moja, hata mtoto ataona. Kolesteroli ya retikulamu ikishuka chini ya hiyo 5, protini iitwayo SCAP huisindikiza protini nyingine, SREBP, hadi Golgi. Huko SREBP inakatwa, na kipande chake kinaingia kwenye kiini kuwasha jeni za kutengeneza kolesteroli na za vipokezi vya LDL, chembe zinazobeba kolesteroli kwenye damu. Kolesteroli ikizidi, protini ya Insig huing'ang'ania SCAP na safari haipo.

Na utando wa nje wenyewe una mafungu. Kuna kolesteroli iliyokumbatiwa na sfingomyelini, lipidi nyingine ya utando, na kuna iliyo huru. Hii huru ikizidi, protini za Aster huichukua mahali retikulamu inapogusana na utando, zikaipeleka ndani bila kupanda kifuko chochote. Ndivyo mzani unavyopata habari za pembeni.

Kuiona kwa macho, rangi ya zamani ni filipini. Osha seli kwa bafa (maji yanayotunza kiwango cha asidi), zigandishe, yaani zikaze zilivyo, si kwa barafu, kwa paraformaldehidi ya asilimia 4 kwa dakika 20 hivi, osha tena, weka filipini mikrogramu 50 kwa mililita, gizani, saa 1 hadi 2. Itazame kwa mwanga wa urujuanimno. Seli yenye afya huonyesha ukingo unaong'aa samawati. Seli yenye kasoro ya NPC1, protini inayotoa kolesteroli kwenye lisosomu (vifuko vya kumeng'enyea), huonyesha madoa yaliyorundikana karibu na kiini, kwa kuwa kolesteroli imekwama humo.

Makosa ni yaleyale kila mara. Mtu anagandisha kwa methanoli, lipidi zinaondoka nayo. Mwingine anatoboa seli kwa Triton, aina ya sabuni, kwa mazoea, wakati filipini inajitobolea yenyewe. Picha inafifia ndani ya sekunde, kwa hiyo tafuta fokasi kwenye kona moja, kisha hamia sehemu mpya upige mara moja. Akiba ya filipini hukaa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Umeme ukikatika usiku kucha, usiiamini tena. Na filipini haishiki kolesteroli iliyofungwa na asidi ya mafuta, hivyo matone ya akiba ya kolesteroli ndani ya seli hayataonekana hata yakijaa.

Anayetaka utando wa nje peke yake aende machinjioni. Chembe nyekundu ya ng'ombe haina kiini wala tando za ndani. Weka kizuia mgando, osha mara tatu kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9 (ukiruka hapa, unapima kolesteroli ya plazma), kisha ipasue kwa bafa hafifu ya baridi. Kumbuka tu kwamba ng'ombe ana sfingomyelini nyingi mno na fosfatidilikolini, lipidi nyingine ya utando, karibu hakuna, kwa hiyo namba zake usimvishe binadamu. Damu ya sangara, ingawa ipo tele mwaloni, haifai: chembe zake nyekundu zina kiini.