Ngazi imekubali: vidato 12, kisha 6

Ngazi ya nyumba ninayotaka kujenga imekubali. Leo asubuhi nimeipiga chokaa pale kiwanjani kwa kipimo chake chenyewe, nikaweka mbao na kamba kuonyesha vimo, na hakuna pa kugonga kichwa. Fundi kazunguka, kapima, kanyamaza. Fundi wangu akinyamaza ujue hana la kukosoa.

Kiwanja kiko Wiyoni, mtaa wa mji wa Amu, yaani Lamu kisiwani, futi 30 kwa 40, urefu ukienda kusini-kaskazini, kichochoro kikipita magharibi. Chini ni kwa mama na sisi, juu ni kwa binti yetu akiolewa, kama ilivyo ada ya Amu. Mama alishakata shauri zamani: "Mimi nataka tini. Yuu kaani nyinyi." Sasa mkwe akija, haiwezekani kila akitoka na kuingia akate kiwandani, yaani ua wa ndani, mamamkwe wake yuko pale na kanga moja anachambua mchele. Kwa hiyo ngazi sharti ianzie tekani, pale ukumbini ukishaingia mlango wa nje, mtu apande kwake kabla hajaona ndani. Nyumba za Mkomani, mtaa wa kale wa Amu, zimefanya hivyo miaka na miaka. Ila ngazi zake nyingi zina mwinuko wa kuvunja magoti, na mimi nyumba hii ninataka kuzeekea humo.

Hesabu yenyewe ni hii. Sakafu hadi sakafu nimeweka futi 10 na inchi 6, yaani inchi 126. Kidato cha kimo cha inchi 7 kinatoa vidato 18 kamili, bila chenga. Ikinyooka moja kwa moja, na pa kukanyaga pawe inchi 10, inameza zaidi ya futi 14 na kukufikisha katikati ya chumba cha juu kama mwizi. Ikikunjwa tisa kwa tisa inakaa vizuri kwenye karatasi, kila mtu anaisifu, mpaka ukumbuke kwamba choo cha mama nilikipanga chini ya kituo, pale ngazi inapogeukia. Kituo kiko inchi 63 juu ya sakafu. Toa inchi 6 za zege, inabaki futi 4 na inchi 9. Hapo waweza kuweka pampu na mtungi wa gesi. Mama yangu huwezi kumuweka.

Kukihamisha choo ndiko kulikonitesa. Kibla kwetu Amu ni kaskazini, imepinda magharibi kidogo tu, hata dira ya simu inaona hivyo. Basi anayekaa chooni aelekee mashariki au magharibi, asiielekee wala asiipe mgongo. Nikikipeleka upande wa mashariki kinakaba dirisha la upepo wa kaskazi. Nikikitia kusini kinaharibu daka, kile kibaraza cha mlango wa nje. Nikikibana nyuma ya jiko, mke wangu anaiangalia ile ramani halafu ananiangalia mimi. Fundi naye akashauri tuchimbe, sakafu ya choo ishuke vidato viwili. Choo cha kuteremkia, na mvua za Mei? Nilimwambia hapana, tukanuniana mpaka magharibi.

Kilichofungua ni kuacha kuigawa ngazi sawa kwa sawa. Nani kasema mikono miwili ya ngazi lazima ilingane? Mkono wa kwanza nikaupa vidato 12, wa pili 6. Kituo kikapanda hadi inchi 84, futi 7 barabara, na chini yake pakabaki futi 6 na nusu za kusimama. Kituo chenyewe kina futi 4 kwa 6 na nusu, urefu ukilala mashariki-magharibi, kwa hiyo choo kikajielekeza chenyewe kunakotakiwa. Mlango unaingilia upande wa ndani, tundu la hewa liko juu kwenye ukuta wa kichochoro. Na vidato vitano vya kwanza vinapita chini ya slebu ya juu, yaani sakafu ya zege ya ghorofani, bila wasiwasi, maana kidato cha tano bado kina futi 7 na inchi moja ya nafasi, kwa hiyo tundu la ngazi ghorofani limepungua na chumba cha binti kimepona. Chini ya mkono wa pili mama ameshapataka kwa mtungi wake wa maji. Ngazi yote pia imelala ukuta wa magharibi, jua la alasiri lipigane nayo badala ya kupigana na vyumba.

Kuhusu zana, nitasema langu. Sweet Home 3D, programu ya kuchorea nyumba, ni nzuri kwa kumuonyesha mke kitanda kitakaa wapi. Kwa ngazi sikuipenda: unaivuta kama kabati, unaitua, nayo inakaa tu, haikuulizi kichwa kitapita wapi. Ngazi hii imetoka kwenye daftari la miraba, mraba mmoja nusu futi, penseli na kifutio. Google Sheets, jedwali la hesabu, nimeibakisha kwa bajeti peke yake, na huko ndiko kwenye kilio.

Bei ya dukani kisiwani haina maana. Kila kitu nimekipa safu nne: dukani, mashua kutoka Mokowe (gati la upande wa bara), wapagazi wa gatini, punda mpaka mlangoni. Kufuli na nyaya za umeme hazisikii safari. Kokoto na mchanga ndivyo vinavyolia, kwa sababu ni vizito na ni rahisi, unalipia zaidi kubebwa kuliko kitu chenyewe. Slebu moja ya inchi 6, ukitoa kiwanda, ni karibu mita za ujazo 15. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (simiti, mchanga, kokoto) hiyo ni mifuko kama 95 ya simiti, kokoto mita 13, mchanga 6 na nusu. Na asije mtu kunishauri mchanga wa pwani. Chumvi inaingia kwenye vyuma, vinavimba kwa kutu, na zege linapasuka kutoka ndani.

Ndiyo maana dari la juu kabisa nilishaamua liwe la boriti za mikoko na makuti. Tangu serikali ilipokataza ukataji miti 2018, hata mikoko ilipolegezewa baadaye, boriti si kitu cha kuokota, lakini hesabu yangu bado inaipendelea kuliko slebu ya pili. Vyumba vyangu vya juu ni vyembamba tayari, boriti inafika bila nguzo ya katikati.

Hapa nilipanga kuandika bajeti ya milango. Itangoja. Fundi alipokuwa anapima kiwanda, futi 10 kwa 12, aliuliza hivi hivi: "Na huku chini mnaacha mchanga tu?" Sijatulia tangu hapo. Jabia, birika la kuwekea maji ya mvua! Chini ya kiwanda, ndani futi 9 kwa 11, kina futi 6, inaingia lita elfu 16 na ushei. Paa langu ni kama mita za mraba 100, milimita moja ya mvua ni lita 100 kabla ya kupotea kwa michirizi. Milimita 170 tu zinalijaza, na kisima cha pale kina maji ya chumvi-chumvi. Udongo utakaotoka utajazia msingi, punda wanapungua safari. Nimeshaifungulia jabia ukurasa wake kwenye Google Sheets.

Tatizo ni makuti. Maji ya makuti yanashuka na rangi ya chai, na kila upepo unadondosha uchafu wake. Jabia linataka mabati. Mke wangu hataki kusikia mabati, anasema binti atapikika hai ghorofani, na hana kosa. Nimechora paa la vipande viwili, makuti juu ya vyumba na mabati juu ya baraza. Baraza peke yake ni mita za mraba 38, yaani jabia lijae kwa milimita 440 badala ya 170. Fundi anataka jibu kabla hajachimba msingi, kwa sababu ukuta wa jabia na msingi wa ngazi vinagusana kwenye kona ya tekani, na ngazi mimi siigusi tena.