Sodiamu haitoi elektroni yake kwa hiari

Nilipokuwa kidato cha pili niliandika katika daftari langu la kemia kwamba atomu huungana kwa sababu kila moja inataka kuwa na elektroni nane katika ganda lake la nje. Sentensi hiyo ilinipatia alama, nami nikaishi nayo kwa amani kwa miaka mingi, hadi majuzi mpwa wangu aliponisomea sentensi ileile kutoka katika daftari lake kisha akauliza: «Mjomba, atomu inajuaje kuhesabu mpaka nane?»

Atomu haihesabu, wala haina kitu inachokitaka. Ndani yake mna kiini chenye chaji chanya kinachovuta elektroni zenye chaji hasi, huku elektroni zenyewe kwa zenyewe zikisukumana. Atomu mbili zinapokaribiana, kila kiini huanza kuvuta pia elektroni za jirani, na wakati huohuo viini viwili husukumana. Iwapo mwisho wa purukushani hiyo atomu zinabaki na nishati ndogo kuliko zilipokuwa mbalimbali, nishati iliyozidi hutoka nje na kifungo kinakuwa kimefanyika. Isipokuwa hivyo, hupishana tu.

Tulichukua chumvi ya mezani, kwa kuwa ndiyo mfano wa kila kitabu. Sodiamu ina elektroni 11 zilizopangwa 2, 8, 1, na klorini ina 17 zilizopangwa 2, 8, 7. Tunafundishwa kwamba sodiamu «hutoa» elektroni yake moja ya nje na klorini «huipokea», kana kwamba ni zawadi ya harusi. Ukweli ni kwamba kuing'oa elektroni hiyo hugharimu kilojuli 496 za nishati kwa kila moli (fungu maalumu la kuhesabia atomu), na klorini ikiipokea hurudisha kilojuli 349 tu, kwa hiyo makabidhiano yenyewe yana hasara ya kilojuli 147. Hasara huongezeka ukikumbuka kwamba kuigeuza sodiamu yabisi kuwa atomu za gesi kunahitaji kilojuli 107, na kuzitenganisha atomu za klorini, ambazo kwa kawaida hukaa mbili mbili, kunahitaji nyingine 121. Mpaka hapo tunadaiwa 375, na kama kusingekuwa na malipo mengine, chumvi isingekuwapo duniani.

Malipo yanatoka katika mpangilio wa fuwele. Atomu iliyopoteza au kupata elektroni huitwa ioni. Ioni ya sodiamu ina chaji chanya, ya klorini ina chaji hasi, na katika punje ya chumvi kila ioni imezungukwa na sita za chaji tofauti na yake. Mvutano wa halaiki hiyo yote hutoa takriban kilojuli 787 kwa moli, deni linalipwa na bado zinabaki zaidi ya 400. Hii ndiyo sababu chumvi haiyeyuki kwa moto mpaka ifike nyuzi 801 za Selsiasi, na ndiyo sababu chumvi ya mawe ukiigonga kwa mchi hupasuka badala ya kubonyea: safu zikisogezwa kidogo, chaji zinazofanana hutazamana na kusukumana.

Mpwa wangu akaniuliza kuhusu haidrojeni, ambayo atomu zake mbili zinalingana kwa kila hali na hakuna inayoweza kumnyang'anya mwenzake. Mwanakemia Gilbert Lewis alikwisha kupendekeza mwaka 1916 kwamba kifungo cha namna hiyo ni jozi ya elektroni inayomilikiwa na atomu zote mbili, lakini sababu yake ilipatikana mwaka 1927, wanafizikia Walter Heitler na Fritz London walipoitumia fizikia mpya ya kwanta, inayoeleza mwenendo wa vitu vidogo kama elektroni. Elektroni hazina mahali pamoja maalumu; hutanda kama wingu, na wingu la zote mbili hujazana katikati ya viini na kuvivuta vyote viwili. Vikiwa umbali wa pikomita 74 nishati hufika chini kabisa. Kusogea karibu zaidi huipandisha tena. Kuzitenganisha atomu hizo hugharimu kilojuli 436 kwa moli.

Na nane je? Kila obitali, yaani eneo ambamo wingu la elektroni hutanda, hubeba elektroni mbili tu, nalo ganda la nje la atomu kama kaboni au oksijeni lina obitali nne zinazoweza kutumika, na nne mara mbili ni nane. Kwa hiyo nane ni matokeo ya hesabu hiyo, na ndiyo maana kanuni ina mapengo. Boroni iliyoungana na atomu tatu za florini huzungukwa na elektroni sita. Mwaka 1962 mwanakemia Neil Bartlett alitengeneza kampaundi ya zenoni, gesi ambayo tayari ilikuwa na nane zake na iliyodhaniwa kuwa haiungani na chochote. Kilichohitajika ni mwenzi mwenye nguvu ya kutosha ya kuvuta elektroni.

Nilimshauri mpwa wangu kwamba kwenye mtihani aandike nane, maana msahihishaji ana mwongozo wake na hatakuwa na muda wa kubishana naye. Alikubali, kisha kwa kalamu ya risasi, pembeni mwa sentensi ile, akaandika 787.