Jinsi kashata zangu zilivyovuka hadi Marekani

Kashata zangu za ufuta na karanga zilikuwa zikinunuliwa mtandaoni na Watanzania walioko Marekani, mpaka furushi moja likazuiliwa lilipofika huko. Mteja alikuwa ameshalipa. Niliumia sana.

Kosa lilikuwa langu: nilituma mali ya kuuza kana kwamba ni zawadi. Chakula alichopika mtu nyumbani na kumtumia nduguye bure hakidaiwi taarifa ya awali, yaani kuwajulisha maofisa wa Marekani kabla chakula hakijafika. Cha biashara kinadaiwa.

Nilianza na usajili. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, hutaka sehemu ya nje inayotengeneza chakula isajiliwe, hata jiko dogo la kukodi kama langu hapa Tanga. Kusajili ni bure, jamani! Usimlipe anayekuuzia “cheti cha FDA”, kwa sababu mamlaka hiyo haitoi cheti cha usajili. Ila lazima uwe na wakala aliyeko Marekani. Binamu yangu alikubali. Usajili huhuishwa miaka ya shufwa, Oktoba hadi Desemba.

Sasa kabla ya kutuma najaza taarifa ya awali mtandaoni, na namba ya uthibitisho naiandika kwenye fomu ya forodha.

Lebo ndiyo iliyonila wiki nzima. Tangu 1 Januari 2023 ufuta umo katika orodha yao ya vyakula vikuu vinavyoleta mzio, pamoja na karanga. Nikavitaja vyote viwili wazi, kwa Kiingereza, na uzito kwa gramu na aunsi.

Furushi la pili lilifika salama. Mteja yuleyule, nauli sikumtoza.