Kemia ni kemia

Saa saba usiku. Nimetoka shifti ya jioni, viatu vya kazini bado viko miguuni na chai imeshapoa. Wiki hii nimekula kiapo cha uraia wa Marekani, mdogo wangu kajifungua mapacha salama kule Morogoro, na kinachonikosesha usingizi mimi ni maneno matatu ya mwezi Agosti: kemia ni kemia.

Yule kaka wa Kenya wa dirisha la usajili wa kozi chuoni kwetu, niliwahi kumsifu hapa aya mbili nzima. Jumanne nimekutana naye kwenye ngazi. "Dada, kemia inaendaje?" Nikamjibu, "Vizuri kaka, namshukuru Mungu." Akatabasamu, akapanda zake. Nami nikabaki nimeshika chuma cha ngazi kama mtu aliyesahau anakokwenda.

Tangu siku hiyo nairudia ile ya Agosti neno kwa neno. Nilifika na karatasi niliyoiandika nyumbani, ina maswali sita. La tatu lilikuwa hili: kozi hii inakubaliwa na shule za udaktari? Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu. Akasoma jina langu, akaniangalia, akabadili lugha. "Kumbe dada wewe ni wa nyumbani!" Sikuwa nimewahi kusikia Kiswahili ndani ya jengo lile. Akanigeuzia kioo cha kompyuta: kemia mbili, moja ya fani za afya, nyingine ya jumla. "Unafanya kazi usiku, una watoto. Chukua hii nyepesi, upate A, usonge mbele. Dada yangu, kemia ni kemia." Karatasi ilikuwa mkononi, nimeikunja mara mbili. Nikaitia mkobani. "Asante sana, kaka."

Hiyo asante ndiyo inayonichoma. Hakunitakia baya, alinionea huruma kweli. Lakini ningehudumiwa kwa Kiingereza ningeuliza yote sita, kwa sababu kwa Kiingereza huwa niko macho. Kwa Kiswahili nililegea kama mtu aliyefika kwa shangazi yake.

Kemia haikuwa kemia. Ile ya fani za afya inaonja kila kitu kidogokidogo katika muhula mmoja, na anayekwenda uuguzi inamtosha kabisa. Shule nyingi za udaktari hapa Marekani zinataka kemia ya jumla ya mwaka mzima pamoja na maabara, ile wanayosoma watu wa sayansi. Kisha kemia ogania, kisha baiokemia, na huwezi kuruka. Januari nilipojaribu kujiandikisha kemia ya pili, mfumo ukanikatalia: sina ya kwanza ya jumla, ndiyo naisoma sasa. Nina A ambayo haifungui mlango. Itaingia kwenye wastani wangu wa sayansi, hilo naliheshimu, lakini muhula umekwenda. Ogania chuoni kwetu huanza Septemba tu, kwa hiyo nisipoimaliza kemia ya pili kiangazi hiki, kwa wiki nane, nasubiri mwaka mzima. Na bila baiokemia siwezi kuukabili MCAT, mtihani wa kuingia shule za udaktari, maana tangu 2015 imo ndani ya mtihani, pamoja na saikolojia na sosholojia. Nina miaka 31. Baada ya digrii ni miaka minne ya udaktari, halafu mafunzo ya ubingwa yasiyopungua mitatu. Nahesabu kwa vidole vya mikono miwili, na mara miaka haifiki kumi, mara inapita, kutegemea ninaanzia wapi.

Nyumbani ningekuwa na PCB yangu (fizikia, kemia na baiolojia) ya kidato cha sita, ningeomba Muhimbili moja kwa moja, miaka mitano na mmoja wa mafunzo kazini. Niliyekaa naye dawati moja ni daktari sasa. Kwa nini sikwenda, hayo nilishayasimulia.

Alhamisi nilikwenda maabara moyo mzito. Tulikuwa na taitresheni, kudondosha besi kwenye asidi mpaka rangi ibadilike. Kwenye kichupa cha kiashiria, ile dawa inayobadili rangi, wameandika jina lake refu lote, nami nikajikuta nasema kwa sauti lile fupi la shuleni nyumbani, "POP!" Mwenzangu wa mezani, kijana wa miaka 19, alikuwa hajawahi kushika bureti, ule mrija mrefu wenye koki. Akafungua koki mara moja, chupa ikawa waridi iliyokolea, imeharibika. Nikamwambia mwaga, tuanze upya. Nikamwonyesha: mkono wa kushoto kwenye koki, wa kulia unazungusha chupa. Tone, zungusha. Tone, zungusha. Mwanzoni rangi inatokea pale tone linapoangukia na kupotea papo hapo. Baadaye inachelewa kupotea. Hapo ndipo unapopunguza, nusu tone kwa nusu tone, mpaka moja linakataa kuondoka na maji yote yanakuwa waridi hafifu, kama ukucha wa mtoto mchanga.

Kule Tanga pipeti, mrija wa kupimia kimiminika, tulikuwa tunavuta kwa mdomo, na magadi tumeyaonja sana. Hapa ni kwa mpira. Lakini mikono ilikuwa ileile. Mwalimu akaiweka chupa yetu juu ya karatasi nyeupe, akaitazama, akauliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia kidato cha nne, Tanzania. Akawaita wa meza ya pili waje waone. Nimeendesha gari mpaka kazini nikiimba.

Kwa hiyo kiangazi nasoma. Nimeshaongea na msimamizi, nitahamia shifti za wikendi. Ile karatasi nimeikunjua na kuongeza swali la saba, la anatomia na fiziolojia, kwa sababu kuna shule zisizoihesabu kama baiolojia. Fizikia angalau nina uhakika nayo, shule nyingi zinaikubali ile inayofundishwa kwa hesabu za aljebra. Jumatatu naipeleka kwa mshauri wa wanaokwenda udaktari, na nitayasoma yote saba kwa sauti hata foleni ifike barabarani.

Jambo lingine. Mama hajaomba hela ya dawa za presha mwezi huu. Huwa haipiti tarehe tano, na leo ni tarehe 14. Jana nimempigia, akanisimulia mapacha mwanzo mpaka mwisho, sauti yake nzuri kabisa. Nikamuuliza dawa, akasema zipo. Nilizomnunulia mwanzoni mwa Januari zilikuwa za siku 30.